Mtu wa Tatu Nyuma ya Shuka

Mara ya kwanza kukiona kile kivuli ilikuwa Jumanne, saa nane mchana, na jambo la kwanza nililofanya ni kuhesabu mikono yangu.

Msinicheke. Nyuma ya shuka nilikuwa peke yangu. Mchezo wa vivuli ndivyo ulivyo: shuka jeupe linatandazwa mbele ya jukwaa toka ukuta hadi ukuta, watazamaji wanakaa upande wa huku, mchezaji anasimama upande wa kule, na nyuma ya mchezaji kuna taa. Moja tu. Mchezaji mwenyewe haonekani, kinachoonekana ni kivuli chake. Ukiisogelea taa unakuwa jitu. Ukilisogelea shuka unarudi kwenye kimo chako ulichojaliwa, upende usipende. Mapazia ya ukumbi yanafungwa yote, kwa hiyo hata jua likiwa utosini, ndani ni giza totoro.

Kituo chetu cha sanaa ni cha watu wa mtaa kujitolea, na kila mtu ana kazi mbili, ile anayoiweza na ile aliyosukumiwa. Mimi niliyoiweza ni kushona mavazi, ndiyo maana wote huniita Sindano. Niliyosukumiwa ni kucheza. Safari hii nilicheza mke anayekaa mlangoni akimngoja mume aliyesafiri. Hasemi neno. Anangoja tu, mpaka taa inazimwa. Mwalimu, mama mstaafu aliyekuwa akituongoza, alikaa viti vya mbele akisoma hadithi kwa ile sauti yake iliyowahi kunyamazisha madarasa sitini.

"Simama hapo hapo!" akapiga kelele. "Huyo mwanamume ni nani?"

"Mwanamume gani, Mwalimu?"

"Huyo nyuma yako. Mzuri sana! Abaki, abaki. Lakini angenitaarifu mtu basi."

Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na taa, na nyuma ya taa, kwenye kigoda chake, alikaa Fundi Taa, mkono mmoja umeshika nguzo ya taa. Nikarudi kuliangalia shuka. Vivuli vilikuwa viwili. Cha kwanza changu, mwanamke aliyeshika tama. Cha pili cha mwanamume mrefu mwenye kofia, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto, kama mtu aliyetua mzigo sasa hivi. Kikatembea. Kikasimama. Kikatembea tena, kikija upande wangu.

Bega lile nalijua. Nililala kando yake miaka minane.

Mume wangu alikuwa seremala. Jukwaa lile nililosimama juu yake alilijenga yeye, ubao kwa ubao, akizibeba mbao zote kwa bega la kulia kwa sababu la kushoto, alisema, ni la mke wake kulalia. Homa ya siku nne ikamchukua. Wakati huo ilikuwa imetimia miaka mitatu.

"Washeni taa za ukumbi!" nikasema, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Zilipowaka, shuka lilikuwa shuka. Mwalimu alikuwa akiandika kwenye daftari lake: *mwanamume, kofia, vizuri*.

"Fundi, umemwona?" nikauliza.

"Nani?" akasema.

Huyo Fundi Taa sasa. Mwanaume wa maneno machache, vidole vyake vimeungua ungua kwa kushika balbu zikiwa moto. Wengine wana mashairi, yeye ana taa. Alijua hasa aiweke wapi ili kivuli changu kitoke kikubwa na cha kupendeza, mpaka watu walionijua wakawa wananiuliza kama nimenenepa. Alikuwa ameniomba tuoane mara mbili. Mara zote mbili nilimjibu kwa mzaha. Nina kipaji cha mzaha, nilikipata pale wanapokipatia wengi, kwenye msiba.

Siku hiyo, tukikunja shuka, yeye pembe huku mimi pembe kule, tukakutana katikati kama inavyobidi mtu akikunja shuka. Mikono ikagusana. Hakuuondoa wake.

"Mama anakuja Jumamosi," akasema.

"Kuangalia mchezo?"

"Kukuangalia wewe."

"Basi mwambie akae nyuma. Kwa mbali huwa napendeza."

Hakucheka. Aliniangalia tu, kwa yale macho yake yaliyozoea kuangalia penye mwanga, hadi nikaiachia pembe ya shuka ikaanguka.

*

Mama yake hakungoja Jumamosi. Alhamisi asubuhi nilikuwa chumba cha mavazi, mdomo umejaa pini, mlango ukafunguka. Mwanamke mwembamba, kiatu cheusi kimepigwa rangi kikang'aa, gauni mkononi.

"Shikamoo, mama," nikasema kupitia pini.

"Marahaba. Ndiye wewe?"

"Inategemea nimeshtakiwa kwa kosa gani."

"Pindo limefumuka." Akanipa gauni. Pindo lilikuwa limefumuliwa kwa wembe, tena muda si mrefu, nyuzi bado zimesimama. Nikatia uzi.

Hakukaa. Alizunguka chumba taratibu, akigusa hiki na kile kama mnunuzi asiyetaka kununua.

"Nimepita kwenye zile picha huko ujiani," akasema. Alimaanisha maonyesho ya mwezi ule, watu waliokijenga kituo, waliochorwa kwa mkaa na darasa la uchoraji na kutundikwa kwenye ujia. "Wako yupi?"

"Wa tatu kutoka mlangoni."

"Mwenye bega moja chini."

"Ndiye huyo."

"Aliyemchora amemtendea haki. Hasa macho. Anaangalia huku."

"Huku wapi, mama?"

"Huku chumbani kwako."

Picha ile niliitundika mimi. Alichorwa akiangalia ubao anaoupiga randa.

Mama akafika kwenye reli ya magurudumu ninayotundikia mavazi, ile ambayo siku za mazoezi naisukuma hadi pembeni mwa jukwaa. Mkono wake ukapita gauni la malkia, ukapita joho la hakimu, ukasimama kwenye koti la kahawia.

"Hili la mchezo gani?"

"La... michezo mbalimbali."

Akaliwekea kiganja kifuani. Kisha akakitoa haraka.

"Lina joto," akasema.

"Chumba hiki hakina dirisha."

"Malkia ni baridi. Hakimu ni baridi." Akanigeukia. "Binti, sina ugomvi na wewe. Una mikono mizuri, na mwanangu amekuwa akiimba bafuni, jambo ambalo sijawahi kulisikia. Lakini hataingia kwenye nyumba yenye mtu. Sitaki."

"Nyumba yangu haina mtu, mama. Mimi ni mjane."

"Najua ulivyo." Akalichukua gauni, pindo hata halijaisha. "Jumamosi nitakaa mbele. Nitamwambia mwanangu ninachokiona. Na yeye neno langu huwa analisikia."

Alipotoka, nililisogelea lile koti. Sikuligusa. Ila nikiwa nimesimama pale, nikaona bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto, na juu ya ndoana nimetundika kofia ya mchezo wa mwezi uliopita. Nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu.

"Fundi!" nikaita. "Fundi, njoo na taa yako!"

*

Tuliisukuma reli hadi pembeni mwa jukwaa, mahali inapokaa kila siku ya mazoezi. Tukafunga mapazia, akawasha taa. Kwenye shuka akatokea mwanamume mrefu mwenye kofia, bega moja chini.

"Na kutembea?" akauliza Fundi.

Nikakanyaga ubao. Jukwaa limeinama kidogo kuelekea mbele, mume wangu alilijenga hivyo ili watazamaji waone miguu ya wachezaji. Magurudumu ya reli yakasogea kidogo. Mwanamume akapiga hatua.

"Ni koti!" nikasema. "Ni koti tu, jamani! Nimekonda siku mbili kwa sababu ya koti! Nilipolishona nilimkatia bega la kulia refu zaidi ili likae sawa mwilini mwake, sasa halina mwili ndani, limelala. Fundi, nicheke mie, nicheke tu."

Alikuwa anacheka. Halafu akaacha.

"Mwilini mwa nani?"

Mdomo wangu huu utaniponza.

"Ni la kituo," nikasema.

"Sindano."

"Lake."

Akazima taa. Tukabaki gizani, nikisikia balbu ikipoa, *tik, tik*.

"Miaka mitatu liko kwenye reli hiyo," akasema taratibu. "Nimeibeba reli hiyo mimi, na mikono yangu hii. Hakuna mchezo hata mmoja ambao koti hilo limevaliwa."

"Halijapata mwenye bega lake."

"Usinifanyie mzaha leo. Leo hapana." Sauti yake ilitetemeka, na Fundi si mtu wa kutetemeka, nimemwona akipigwa na umeme na kusema 'aa' tu. "Ningekuwa nakugombea na mwanamume, ningejua pa kusimama. Koti nitaligombeaje? Nilipige ngumi?"

"Ni nguo tu, Fundi."

"Basi kaichome."

Nikanyamaza.

"Umeona?" akasema. "Nimekuomba mara mbili. Mara ya kwanza uliniambia nisubiri mvua ipite. Ilikuwa kiangazi. Mara ya pili uliniambia nywele zako hazijasukwa. Sitaomba mara ya tatu. Mama akiniambia hapana Jumamosi, nikiwa na neno lako mkononi nitambishia mpaka koo likauke. Bila neno lako sina cha kubishia. Nitasema, sawa mama. Na taa utatafutiwa fundi mwingine."

Nilisikia hatua zake zikiondoka, na mlango. Nikabaki nimesimama. Kisha, nyuma yangu, ubao mmoja ukalia. Nikajiambia ni reli. Nikanyoosha mkono gizani kuishika isisogee zaidi, nikaikuta mbele yangu.

*

Jumamosi nilifanya mambo yangu kwa mpango. Koti nikalifungia ndani ya sanduku la chuma, ufunguo nikautia kifuani. Reli nikaiacha chumba cha mavazi, magurudumu nimeyafunga kwa kamba. Nikalifagia jukwaa mwenyewe, nikaangalia chini ya mbao, nyuma ya mapazia. Palikuwa na mimi, kigoda, taa na Fundi. Fundi hakunisalimia zaidi ya kutikisa kichwa.

Saa kumi jioni ukumbi ukajaa. Watu walitoka ujiani kuangalia picha, wakaingia wakipiga gumzo na kuburuta viti. Nilichungulia pembeni mwa shuka. Mama yake alikuwa kiti cha mbele, katikati, mikono magotini. Mapazia yakafungwa. Giza. Taa ikawaka mgongoni mwangu, nikahisi joto lake shingoni.

Mwalimu akaanza kusoma. Mke akaamka. Mke akafagia. Mke akakaa mlangoni. Fundi aliisogeza taa polepole, kivuli changu kikakua hadi kikafika darini, nikasikia watu wakivuta pumzi. Hata akiwa amenikasirikia alikuwa ananifanya mkubwa.

Kisha nikanusa unga wa mbao.

Mbao zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, kutoka pembeni pasipokuwa na kitu. Sikugeuka. Nililiangalia shuka. Alikuja bila haraka, bila kofia safari hii, na nikakiona kichwa chake, sikio lile kubwa nililokuwa nikimtania nalo. Akasimama kando yangu. Kivuli cha mkono wake kikainuka, kikatua kwenye kivuli cha bega langu, na bega langu, hili la nyama, likaingia baridi pale pale.

"Amerudi!" akasema mtu ukumbini. "Mume amerudi!" Watu wakapiga makofi.

Mwalimu aliacha kusoma. Kwenye daftari lake hakuna mume anayerudi.

Nitawaambieni ukweli. Sikuogopa. Nilifurahi. Furaha ile ndiyo iliyonitisha baadaye, nilipoifikiria, kwa sababu ningeweza kukaa pale mlangoni na mkono ule begani maisha yangu yote, nikila, nikilala, nikishonea watu nguo, nikitania huyu na yule, na nisingegundua kwamba sipo.

"Sindano," Fundi akanong'ona nyuma ya taa. "Unatetemeka. Nizime?"

"Usizime."

Nikasimama. Katika mchezo ule mke hasimami, na hasemi. Nikasema, na sauti ikajaa ukumbi.

"Mume wangu. Jukwaa limekwisha. Mbao zote zimekaa, hakuna hata mmoja unaotikisika. Huna kazi hapa tena."

Kivuli hakikusogea.

"Si wewe uliyebaki, ni mimi niliyekuweka. Nilikutundika kando ya malkia na hakimu kwa sababu niliogopa kurudi nyumbani kwenye nyumba tupu. Nisamehe. Kuna mtu ananisubiri, na nimemchosha. Nenda kapumzike, baba. Mimi nimeshangoja vya kutosha."

Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia waya wa balbu ukilia. Mkono ukainuka begani kwangu. Akaanza kwenda, si kurudi alikotoka, bali mbele, kulielekea shuka, na kadiri alivyolikaribia ndivyo alivyopungua, hadi akawa kimo chake hasa, kile nilichokuwa nikikishonea. Hapo akasita. Bega lake la kulia likapanda, taratibu, likawa sawa na la kushoto. Tangu nimjue sijawahi kuyaona yako sawa.

Upindo wa shuka ukainuka kidogo, ukashuka. Kwenye mwanga nikabaki peke yangu.

*

Makofi sikuyasikia vizuri. Mwalimu alikuja akilia na kuniambia mwisho ule utabaki, utabaki, hata kama sikumwomba ruhusa, na yule mwanamume nimwambie aje mazoezini Jumanne. Akarudi ukumbini kusalimia watu. Mapazia yakafunguliwa, jua la jioni likaingia hadi jukwaani, na mama yake Fundi akaja nalo, akipanda ngazi kwa kuchechemea.

"Amenikanyaga mguu," akasema.

"Nani, mama?" akauliza Fundi.

"Mwenzangu hapa anajua ni nani. Alipita mbele yangu akielekea mlangoni. Akasema, samahani, mama. Ana adabu zake."

Nikakaa kwenye kigoda.

"Ulidhani nakukataa kwa sababu ya ujane," akaniambia. "Mimi nina ujane mkubwa kuliko wako. Wangu sikumwambia aende. Nilimwekea kiti mezani miaka kumi na miwili. Mwanangu huyu alikuwa akitaka kukikalia namfokea, mpaka akazoea kula amesimama. Hata leo anakula amesimama, hujamwona?"

Nilikuwa nimemwona. Nilidhani ana haraka.

"Siku ile nilipoingia chumbani kwako na kuligusa lile koti, nilijiona mwenyewe. Nikasema, hapana, si mara ya pili, si kwa mwanangu huyu huyu."

"Mama," akasema Fundi, na uso wake ulikuwa wazi kama mlango.

"Nyamaza, naongea na mwenzangu." Lakini alimshika mkono, na hakuuachia.

Nikamgeukia. "Fundi, na wewe ulimwona?"

"Kila siku mnaniuliza nimemwona nani. Shuka linaangaliwa na watu wa mbele. Mimi nakaa nyuma ya taa, nakuangalia wewe, nijue nikuwekee mwanga wapi. Nilichoona ni wewe unasimama ghafla na kumwambia mtu kwamba umenichosha." Akaanza kukunja waya wa taa, mzunguko baada ya mzunguko, macho chini. "Hilo nililisikia."

Waya ukaisha kukunjwa. Akaukunjua, akaanza upya.

"Ulisema hutaniomba mara ya tatu," nikasema.

"Nilisema."

"Na wewe ni mtu wa msimamo."

"Ndivyo nilivyo."

"Basi nakuomba mimi. Nioe. Sina mvua, sina nywele, sina kisingizio chochote. Nimetafuta tangu asubuhi nimekosa."

Waya ukamdondoka wote. Maneno aliyokuwa nayo, machache yale, yakamkimbia.

"Jibu, mwanangu," mama yake akasema, "kabla hajaingiza mzaha."

"Ndiyo," akasema Fundi. Akalisema tena, kwa sauti kubwa, kama mtu anayejaribu taa mpya na kutoamini kwamba imewaka, kisha akanishika usoni kwa vile vidole vyake vilivyoungua, na mbele ya mama yake na viti vitupu mia moja na ishirini akaniegemeza kifuani kwake. Nilisikia moyo wake. Ulikuwa unakwenda mbio vibaya sana kwa mtu mwenye msimamo.

"Haya, haya," mama akasema. "Mtakuwa na miaka ya hayo. Nani ataniona mimi? Mguu unaniuma, sisemi utani."

Nikajitoa, nikapiga magoti kwenye mbao, nikamfungua mama mkwe wangu kile kiatu cheusi kilichong'aa. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kweli.